Tiketi ya Familia

Fundi alikuwa na imani moja kuhusu starehe: kila starehe inayouzwa ina mlango mwingine wa bei nafuu, na kazi ya mzazi ni kuutafuta. Kwa imani hiyo watoto wake walikwisha kuogelea kwenye bwawa la hoteli siku mwenye hoteli alipokuwa akijaribu pampu mpya, na sarakasi waliiona wakati wa mazoezi. Majirani walimwita bahili. Yeye aliwajibu kwamba si bahili, ni mama wa watoto wawili, na anayeona tofauti aje awalishe.

Safari hii ilikuwa zamu ya mnara. Ahadi hakuitoa yeye. Aliitoa mume wake, dereva wa malori ya masafa marefu, kwa simu, akiwa mbali kabisa na mkoba wowote. "Likizo hii mama yenu atawapandisha mnarani, mkauone mji wote ulivyolala." Kisha mtandao ukakatika, kama ulivyokatika kila alipomaliza kuahidi.

Basi Jumamosi asubuhi Fundi akafunika cherehani, akaliacha rundo la sketi za shule bila kupindwa, akawavalisha watoto na kutoka nao. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, walimwita Wakili, kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kupingwa. Mdogo, wa miaka mitano, alikuwa Kasuku. Alichosikia alikirudia, kwa sauti kubwa, mahali pasipofaa.

Foleni ya tiketi ilizunguka nguzo za mnara kama mkanda. Ubao wa bei ulikuwa juu ya dirisha, na Fundi aliusoma kama anavyosoma kitambaa: kwanza upande mzuri, halafu anageuza aone kilichofichwa. Mkubwa na bei yake. Mtoto na bei yake, ambayo ilikuwa ya kumtukana mzazi. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: tiketi ya familia, wakubwa wawili na watoto wawili. Akapiga hesabu kichwani. Akimpata mkubwa wa pili wa kuchangia, yeye atapona, na huyo mkubwa naye atapona. Akaanza kuikagua foleni.

"Mama, unatafuta nini?" Wakili aliuliza.

"Mwanamume."

"Baba anajua?"

"Atajua akirudi. Nyamaza."

Fundi hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Miaka kumi na mitano ya kushona ilimfundisha kutazama mabega, viuno na mishono. Wa kwanza alivaa suti juani. Huyo ana kitu anauza. Wa pili viatu vyake havikufungwa kamba. Huyo hata akili yake haijafungwa. Wa tatu alisimama peke yake, shati la drafti la bluu na kahawia, kuukuu lakini limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Viwiko vilitiwa viraka kwa mkono, mshono mdogo mdogo, wa subira. Mtu anayelitunza shati namna ile, Fundi alijiambia, hawezi kuwa mtu mbaya.

"Kaka, habari yako. Uko peke yako?"

Yule mtu aligeuka, akatazama nyuma yake kuona anayesemeshwa. "Mimi? Ndiyo."

"Huna mke anayechelewa? Mchumba? Mtoto?"

"Dada, kuna tatizo?"

"Tatizo ni bei." Fundi akamwonyesha ubao kwa kidevu. "Ile ya chini. Mimi nina watoto wawili, sina mkubwa wa pili. Wewe ni mkubwa wa pili, huna watoto. Tukichanga, wote tunapumua."

Mtu yule akausoma ubao, midomo ikicheza. "Sasa mimi niwe nani?"

"Shemeji yangu. Watoto watakuita Baba Mdogo."

"Na mwenyewe akitokea?"

"Mume wangu yuko barabarani na lori. Akitokea hapa, kitu cha kwanza nitakachomuuliza ni nani anaendesha."

Mtu yule alicheka, ingawa kicheko kilikuwa cha upande mmoja. "Mimi nimekuja kwa shughuli yangu ndogo tu, dada. Sitaki matatizo."

"Matatizo yatoke wapi? Tunaingia pamoja. Juu kila mtu na dirisha lake. Ukishuka, undugu umekwisha, hata salamu hunidai."

Akasita, akautazama ubao tena, akatoa mchango wake. Fundi akachuchumaa mbele ya watoto na kuwashika mabega, kila mmoja kwa mkono mmoja, kama anavyofanya akitaka neno liingie.

"Sikilizeni. Leo huyu ni Baba Mdogo. Akiwasemesha, mnaitika. Akisema simama, mnasimama. Akisema twende, mnakwenda. Hakuna kumshangaa kama mzimu. Kasuku, umesikia?"

"Nimesikia. Huyu ni Baba Mdogo. Akisema twende, nakwenda."

"Vizuri."

"Mama, huu ni uongo," Wakili alisema.

"Si uongo. Ni punguzo."

Dirishani alikaa mzee wa miwani minene. Akawahesabu kwa kalamu, akarudi kuwahesabu tena, na kalamu ikaishia kwenye shati la drafti.

"Familia moja?"

"Moja," Fundi alijibu.

"Na huyu bwana?"

Kabla Fundi hajafungua mdomo, sauti ikatoka chini: "Huyu ni Baba Mdogo wa leo!"

Mtu wa drafti akainamia viatu vyake.

"Wa leo?" mzee aliuliza.

"Wa kesho ni mwingine," Fundi alisema. "Kwao mume wangu wanazaliwa tu, mzee. Hata mimi nimeacha kuhesabu."

Mzee akacheka hadi miwani ikashuka. Akakata tiketi, kisha akawafunga kila mmoja utepe wa karatasi mkononi, wa kijani, namba moja kwa wote wanne. "Msizivue," alisema, na kicheko kilikuwa kimeisha. "Huko juu mtoto haingii kwenye lifti kushuka ila na mkubwa mwenye namba kama yake. Ni kwa usalama wenu. Siku hizi kuna watu..." Hakumalizia. Alimwita aliyefuata.

Kitu cha baridi kilipita kwenye mbavu za Fundi. Alikisikia kikipita na akakiacha kiende zake, maana mlinzi wa mlangoni alikuwa akiwatazama na ilibidi watembee kama familia. Kasuku, bila kuambiwa, aliushika mkono wa yule mtu. Mtu mwenyewe alishtuka, akamtazama Fundi kama anayeomba ruhusa. Fundi akaitikia kwa kichwa: sawa, sawa, tembea.

Lifti iliwameza, ikaziba masikio, ikawatema juu.

Ukumbi wa juu ulikuwa wa mviringo, vioo pande zote, na katikati kiini cha zege chenye milango ya lifti. Watu walikuwa wengi kuliko Fundi alivyotarajia. Mtu wa drafti aliinamisha kichwa kidogo, akasema, "Haya, shemeji," akapotelea upande wa pili. Kwa dakika chache mambo yakawa kama yalivyoahidiwa kwenye simu. Mji ulilala chini yao wote mzima, mapaa, viwanja, barabara na magari yanayotambaa kama chawa kwenye mshono. Wakili alionyesha shule yake. Kasuku alitaka kujua kama Mungu anakaa ghorofa inayofuata.

Kisha wakafika kwenye sakafu ya kioo.

Ilikuwa kipande tu cha sakafu, si kikubwa kuliko meza ya kukatia nguo, na chini yake hakukuwa na kitu hadi ardhini. Wakili, mpinga kila neno, alitembea hadi katikati kuonyesha kwamba ni fizikia tu. Hapo akatazama chini. Akakaa, akalala kifudifudi, viganja vimebana kioo, na sauti ikamtoka nyembamba kama uzi: "Mama, sitoki. Mama, nikisogea kitapasuka."

Watu wakaanza kucheka. Mmoja akatoa simu kupiga picha. Fundi akaupeleka mkono wa Kasuku kwenye chuma cha dirishani. "Shika hapa. Usiondoke." Akapiga magoti kwenye kioo, yeye ambaye hata ngazi ya kutundikia pazia hushikiwa, akamkamata mwanawe kiunoni, akamvuta taratibu, akimwambia maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Wakili akaja kidole kwa kidole. Walipofika kwenye sakafu ya kweli wote wawili walikuwa wamelowa jasho.

Fundi akageuka. Chuma kilikuwepo. Kasuku hakuwepo.

Mwanzoni hakuogopa, alikasirika. Mtoto wa miaka mitano na ukumbi wa duara, ataenda wapi? "Wewe pita huku, mimi huku," alimwambia Wakili. "Tutakutana naye katikati." Akazunguka akitazama chini, kwenye usawa wa viuno, akitafuta njano. Gauni la Kasuku lilikuwa la njano, kola nyeupe, alilishona mwenyewe. Aliona buluu, aliona nyekundu, aliona mtoto wa mtu akilamba kioo. Upande wa pili akakutana na Wakili, peke yake.

"Huenda anazunguka mbele yetu," Wakili alisema.

Wakazunguka tena, safari hii wakikimbia. Fundi aliita jina halisi la mtoto, jina la cheti, ambalo nyumbani halitumiki ila kwa kosa kubwa. Kisha akaona kitu kingine kilichokosekana. Shati la drafti halikuwepo kwenye dirisha lolote.

Mlinzi wa lifti alikuwa mtu mnene, sare imembana tumboni. "Mtoto wa njano? Ameshuka."

"Ameshuka na nani?"

"Na baba yake."

"Hana baba hapa!"

"Mama, nimesoma namba mwenyewe. Zinalingana. Sheria ndiyo hiyo." Akaushika mkono wa Fundi na kuugeuza. "Na yako ndiyo hiyo hiyo."

"Yule mtu simjui. Nimekutana naye kwenye foleni. Nakwambia simjui!"

Mlinzi akamtazama utepe, akamtazama uso. "Humjui, na mmefungwa utepe mmoja?"

"Tulichanga tiketi."

Mlinzi alitoa redio ya mkononi. "Anaitwa nani?"

Fundi akafungua mdomo, jina halikutoka, kwa sababu halikuwahi kuingia. "Sijui."

"Yukoje?"

Akafumba macho auone uso. Lilikuja shati. "Shati la drafti, bluu na kahawia. Kifungo cha tatu cheusi, vingine vyeupe. Viwiko vina viraka vya kushonwa kwa mkono, uzi wa kahawia. Suruali imeachiwa pindo, mstari wa pindo la zamani unaonekana."

"Mama, uso."

"Uso sikuutazama," Fundi alisema.

Mlinzi akaongea na redio: wamzuie mwanamume wa shati la drafti, yuko na mtoto wa watu. Redio ikakoroma bila neno. Akarudia. Ikakoroma tena. Lifti moja ilikuwa imesimama kwa matengenezo, nyingine ndiyo kwanza imefika chini na ilikuwa inapakia. Ngazi zilifungwa, hufunguliwa moto ukizuka tu. "Moto umezuka!" Fundi alimwambia. Mlinzi akatikisa kichwa. Ufunguo uko kwa mkuu wake, na mkuu wake yuko chini.

Basi Fundi akakimbilia kioo cha upande wa mlango mkuu, akabandika paji la uso. Mji wote ulikuwa wazi kwake kama kitambaa mezani, hakuna kilichofichwa. Barabara zote alizijua. Kituo cha mabasi alikiona, na mabasi yakitoka moja baada ya jingine, na barabara kuu ikienda mbali hadi inapokuwa nyembamba kama uzi. Watu chini walikuwa vichwa vya pini. Mmoja wao ni wake. Alitafuta njano. Ikatokea, karibu na kituo, ikisogea kwa haraka pembeni mwa kichwa kingine cha pini.

Palikuwa na darubini ya kutia sarafu. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kutia sarafu kwenye kitu cha kuchezea alitia ya kwanza, ikaanguka sakafuni, akaiokota, akaitia tena. Picha ikafunguka. Ukuta. Akasogeza, paa, mti, kichwa cha mtu kikubwa mno. Akaipata njano. Akaishikilia.

Ilikuwa ndoo, kichwani kwa mwanamke.

Darubini ikalia tik, ikawa giza.

"Mama," Wakili alisema nyuma yake, "ulimwambia akisema twende, aende."

Haikuwa sauti ya kupinga. Ilikuwa ya mtoto anayetaka aambiwe kwamba amekosea. Kasuku hakuwa mtoto wa kufuata watu ovyo. Peremende ya mgeni angeikataa na kutangaza kwa mtaa mzima kwamba ameikataa. Alikwenda kwa sababu mama yake alimshika mabega na kulipanda neno, na mzee wa miwani akalifunga kwa utepe, na huyu mnene wa lifti akasoma namba. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri.

Lifti ikafika. Fundi akaingia kabla waliomo hawajatoka, akimvuta Wakili, viwiko mbele, na mlinzi akaingia nyuma yao. Mwanamke mmoja alimwambia awe na adabu. Lifti ikashuka taratibu, na kwenye spika muziki wa vinanda ukawa unapiga. Fundi alikuwa akitazama taa za ghorofa na kufikiria atakavyoshika simu, na dereva wa lori atakavyosema "haloo" kwa sauti yake ile ya furaha, na neno litakalofuata. Hakulipata hilo neno.

Mlango ukafunguka kwenye kelele.

Watu walikuwa wamejazana upande wa vyoo. Fundi akawasikia kabla hajaona. "Mwiteni polisi!" "Polisi wa nini, mpeni kipigo kwanza!" "Hawa ndio wanaotumalizia watoto!" Akajipenyeza. Ukutani alikuwepo mtu wa drafti, walinzi wawili wamemkaba, kola imechanika hadi begani na mdomo unatoka damu. Kumbe redio ilisikia. Iliyoshindwa ni kujibu.

Na mtoto?

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Mama!"

Kasuku alitoka mlango wa choo cha wanawake akiwa ameshikwa mkono na mfagizi mwenye aproni. Mikono yake ilikuwa imelowa, gauni lake halikuwa na doa. Fundi akamwangukia. Alimpapasa kichwa, mabega, mgongo, miguu, kama anayetafuta pini iliyosahaulika kwenye nguo ya mteja. Hakupata kitu. Akaanza upya.

"Nilibanwa," Kasuku alisema. "Kule juu choo kimefungwa. Nikamwambia Baba Mdogo mkojo. Akasema twende. Nikaenda."

"Ni kweli, mama," mfagizi alisema. "Yeye alisimama huku nje, akaniomba mimi nimwingize. Kabla hatujamaliza nikasikia vurugu."

"Uongo!" mtu alipaza sauti nyuma. "Wanashirikiana hao!"

Mtu wa drafti aliongea kwa tabu, akimtazama Fundi peke yake. "Nilikutafuta. Ulikuwa sakafuni na yule mkubwa, watu wamewazunguka. Niliita. Jina sikulijua, nikaita 'Mama!' Wakageuka wanawake kumi, wewe hukugeuka. Mtoto alikuwa anaruka ruka. Nikasema tushuke turudi, dakika mbili."

Mkuu wa walinzi akaja, mwanamke mrefu wa nywele fupi, sare imekaa sawasawa. Watu wakampisha. Akamtazama yule mtu, akamtazama mtoto, akachuchumaa.

"Mrembo, huyu bwana ni nani?"

"Baba Mdogo," Kasuku alisema, bila kusita.

Mkuu akainuka. "Mtoto anasema ni baba yake mdogo. Juu wewe umesema humjui. Dirishani mliandikwa familia moja. Mmoja wenu anadanganya, mama, na mimi nina umati hapa unaotaka kuua mtu. Niambie, nani mwongo?"

Fundi aliuona mlango ulio nafuu. Ulikuwa wazi kabisa: aseme ni shemeji, aseme alichanganyikiwa, hofu ya mzazi, samahani sana, watu watasonya na kutawanyika, na ya tiketi hayataulizwa. Lakini Kasuku alikuwa anatazama mdomo wake, tayari kuchukua lolote litakalotoka.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Fundi alisimama wima.

"Mimi," alisema. Kisha kwa sauti, ili wa nyuma wasikie: "Mwongo ni mimi! Huyu kaka simjui. Nilimtoa kwenye foleni nipate tiketi ya bei nafuu. Nikamfundisha mtoto amwite baba mdogo na amtii. Mtoto ametii. Yeye amempeleka mtoto wangu chooni, basi. Mwachieni."

Kisha mtu akasema, "Kwa ajili ya tiketi?" na mwingine akacheka, na kicheko kile kilimuuma Fundi kuliko kofi. "Mama mzima!" "Uzazi wenyewe wa kukopa!" "Angalia, na anavyoonekana ana akili zake!" Aliyapokea yote. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakiwa na uchungu kidogo, kama waliofika kwenye mpira baada ya filimbi ya mwisho.

Mkuu wa walinzi hakucheka. Alizikata zile tepe nne kwa mkasi mdogo, ya mtoto kwanza. "Utalipa bei kamili ya wote wanne," alisema, "na hamrudi juu. Na shukuru Mungu tumekutana naye yeye, hatukukutana na mwingine."

Hilo la mwisho alilisema polepole, na Fundi alilisikia likiingia mwilini kama sindano iliyovunjika, ile ambayo daktari huiacha ndani kwa sababu kuitoa kuna hatari zaidi.

Alilipa. Pesa ya nauli iliondoka nayo. Nje, mtu wa drafti alikuwa amekaa ukingoni mwa ngazi akifuta mdomo kwa kitambaa. Fundi akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza akautazama uso. Ulikuwa uso wa kawaida, wa mtu wa makamo, kovu dogo juu ya nyusi. Hakuna kitu usoni pale kilichoweza kumwambia mtu chochote, ndiyo wala hapana.

"Kaka, nisamehe."

"Mimi ni fundi wa mabati," alisema, bila kumjibu. "Soko jipya, paa lake ni kazi yetu. Miezi saba nimetembea juu yake, sijawahi kuliona lote. Ndilo nililokuja kutazama. Nilikuwa bado sijafika hilo dirisha."

"Shati nitakushonea. Kola naiweza, haitajulikana kama ilichanika. Niletee, au niambie unapokaa."

"Hapana, dada." Akasimama. "Unapokaa wewe sitaki kupajua, na wewe usipajue kwangu. Nina watoto."

Akaondoka, ameshikilia kola kwa mkono mmoja.

Nao wakashika njia kwa miguu, upande huo huo, kwa kuwa kituo kilikuwa huko na nyumbani kulikuwa mbele ya kituo. Fundi alipunguza mwendo ili asimfikie. Fundi alimshika Kasuku mkono, akaanza kazi hapo hapo barabarani, maana asingeweza kungoja.

"Kasuku, mtu akikwambia twende, unasemaje?"

"Nasema sawa."

"Hapana. Unasema hapana, namuuliza mama kwanza."

"Hapana, namuuliza mama kwanza."

"Hata akiwa baba mdogo."

"Hata akiwa baba mdogo. Hata mwalimu?"

Fundi akafikiri. "Mwalimu... shuleni sawa. Nje ya shule, hapana."

"Hata jirani?"

"Hata jirani."

"Hata wewe ukisema niende?"

Gari likapita, na jingine. Fundi alijaribu jibu moja kichwani, likachanika. Akajaribu la pili.

"Mama? Hata wewe ukisema?"

"Tembea," Fundi alisema.

Kituoni yule mtu alikuwa anapanda basi. Alikaa dirishani, upande wao. Kasuku akamwona na kuinua mkono wake wote, akaupunga kwa furaha, akiita. Mtu yule akageuka. Mkono wake ukaanza kupanda, ukafika kwenye usawa wa kifua, na macho yake yakakimbia kuwatazama abiria wa mbele na wa nyuma. Akaushusha. Akageukia mbele, na basi likaondoka.

"Hajaniona," Kasuku alisema. Kisha: "Mama, unaniumiza mkono."

Fundi alisikia. Hakulegeza.